Shajara ya maonyesho: kutoka oda ya Mwenge hadi nyumba ya chokaa Mikindani

4 Mei

Kikao cha kwanza cha maonyesho tunayoyaandaa kimefanyika leo nyuma ya nyumba yangu Shangani, Mtwara, chini ya mwarobaini. Wamekuja mzee mchongaji kutoka upande wa Nanguruwe, mama mfinyanzi wa Newala na binti yake, kijana mwandika mabango wa Lindi, na dada msusi wa ukili wa Mikindani. Humu nitawataja kwa kazi zao. Majina yao yatasomeka ukutani siku ikifika.

Nilimwomba kila mmoja aje na kazi moja anayoiona ndiyo bora. Mzee akafungua kanga na kutoa kinyago cha ujamaa cha futi moja, watu wamebebana hadi juu, msasa umepita mpaka mpingo unang'aa. Kazi safi, mkono wa mtu aliyeanza kushika tezo akiwa mtoto. Nikamwuliza, "Mzee wangu, hii umeipendea nini?" Akaigeuzageuza kama kitu cha jirani. "Hii ndiyo wanayoitaka Mwenge." Yaani soko la vinyago la Dar es Salaam.

Kijana wa Lindi alileta twiga watatu na jua linazama nyuma yao. Wateja wanaipenda, kasema. Dada alileta kikapu cha rangi nne kinachofanana na vikapu vyote vya barabarani. Nikaanza kukata tamaa. Halafu mama mfinyanzi akasogeza mbele chungu chenye masizi mpaka shingoni. "Mimi nimeleta hiki. Napikia mboga mwaka wa nne sasa. Kuna mtu alikitaka, nikamchongea... nikamfinyangia kingine." Watu wakacheka, maana alikaa karibu sana na mzee.

Kile chungu kilikuwa na kitu ambacho zile kazi nyingine hazikuwa nacho, na sote tulikiona. Nikafuta swali langu. Kazi bora ni swali la mnunuzi, na hawa wamejibu swali la mnunuzi miaka na miaka. Kazi ya nyumbani ya kikao kijacho: lete kitu ulichokataa kukiuza, au kilichokataliwa kununuliwa na wewe ukashindwa kukitupa.

19 Mei

Badala ya kuwasubiri nimeamua kuwafuata majumbani. Mtu akiwa kwake husema mengine.

Kwa dada wa Mikindani tulishusha mkeka kutoka darini. Bibi yake aliuanza akafariki ukiwa nusu. Ukili wa zamani umefifia, zambarau imekuwa kama majivu, kijani kimebaki mstari mmoja tu. Hajawahi kuumalizia wala hajakubali mtu aulalie. Nilimwuliza kwa nini hajaumalizia. "Rangi zangu zitaonekana." Nikamwambia aliandike hilo neno mahali, hivyohivyo alivyolitamka.

Kwa mzee kilichokataliwa kilikuwa gogo. Limesimama pembeni ya ghala, refu kunizidi kiunoni, nusu jeusi nusu jeupe. Asiyejua mpingo hudhani mti wote ni mweusi. Weusi ni moyo tu. Nje kuna tabaka lenye rangi ya krimu inayoelekea manjano, na mchongaji wa biashara hulichonga lote likaanguka kwenye vumbi kwa sababu mnunuzi anataka nyeusi tupu. Wengine huacha kidogo wakapaka kiwi ya viatu. Gogo hili lina weupe mwingi upande mmoja, ukiuondoa hubaki na fimbo. Mzee alilinunua kihalali, risiti anayo, na mfanyabiashara wake alipoliona akageuza gari.

"Sasa unalitunzia nini?"

"Mti huu umekua miaka kuliko mimi, mwanangu. Nitaufanya kuni?"

Ni kweli. Mpingo huchukua miaka 70 na zaidi mpaka ufae kukatwa. Nimeondoka bila kumshauri chochote. Nimejifunza kwa machungu kwamba msanii akipewa wazo na mwalimu atalifanya kwa adabu, na adabu hiyo itaonekana kwenye kazi.

6 Juni

Mzee hapokei simu siku ya tisa. Kikao cha pili amekikosa. Mama mfinyanzi naye hakuja, dada alikuja akakaa nusu saa. Nilikasirika, na hapa naliandika bila kulipunguza: nilianza kuandika ujumbe mkali.

Sikuutuma. Nilipanda bodaboda alfajiri hadi shambani kwake. Nilikuwa nimesahau huu ni mwezi gani. Mikorosho inaanza kuchanua, na bila dawa ya unga wa salfa, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, hukausha maua ukabaki na matawi. Lazima upulize alfajiri umande ukiwa bado juu ya majani na upepo haujaamka, kwa hiyo watu wanatoka usiku.

Nilimsikia kabla sijamwona, ile mashine inaunguruma ndani ya mikorosho. Wingu la manjano likatoka kwanza, kisha yeye ndani yake, tangi mgongoni, bomba limeelekezwa juu. Kitambaa mdomoni. Alipozima mashine nikaona salfa imemlalia bega la kulia peke yake, na upande mmoja wa shingo, na nyusi. Upepo ulikuwa unatoka upande ule. Kushoto alikuwa mweusi kama kawaida.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwalimu umekuja kunikamata?"

Tukakaa tukala ming'oko, mizizi ya porini, aliyochemshiwa na mkewe, chumvi na pilipili. Nilikuwa namtazama lile bega. Moyo wangu ulishaliona gogo, na ulimi ulikuwa unawasha. Nikauma meno. Nilichouliza ni hiki tu: "Lile gogo lako, weupe wake uko upande gani?"

Akafikiri. Akasema kulia. Akaendelea kula. Kisha akajitazama bega, akapangusa kwa kidole, akaitazama salfa kwenye kidole muda mrefu. Hakusema kitu, nami nikaondoka.

21 Juni, Lindi

Kijana wa mabango amenipokea stendi. Chumbani kwake, nyuma ya mabango ya saluni, kuna vipande vya hadibodi vimegeuziwa ukutani. Amechora dinosa. Saba. Wana meno, wananguruma, nyuma volkano. Anaona aibu nao. Amezaliwa mkoa huu, Tendaguru, kilima kilikochimbwa mifupa ya dinosa, iko humuhumu, na alikua akisikia kwamba mnyama mkubwa kuliko wote yuko Ulaya na alitoka kwao.

Hadithi hiyo naijua vizuri, na nilimsimulia upya polepole. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru wakatoa zaidi ya tani 200 za mifupa. Barabara hapakuwa. Kila kilo ilitoka kwa kichwa na bega la mpagazi, safari ya siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, mifupa imefungwa kwa mianzi na udongo. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 wanasayansi walimpa dinosa mmoja wa Tendaguru jina la bohetii. Yule mkubwa aliyesimamishwa Berlin ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu.

"Ulimchora mnyama mara saba," nikamwambia. "Umewahi kumchora aliyembeba?"

Kimya. Halafu akaanza kuuliza maswali ya mchoraji: mzigo ulikuwa mkubwa kiasi gani, walivaa nini, walitembea mstari mmoja au kwa makundi, njia ilipita wapi. Mengine nilijibu, mengine nilimwambia aende kwa wazee wa Wamwera wa huko akaulize. Maswali hayo yalinifurahisha kuliko picha yoyote. Twiga hamwulizi mtu maswali.

Tulizungumza pia juu ya msanii George Lilanga, mtu wa kusini huku huku, aliyefariki 2005. Alianza Nyumba ya Sanaa Dar es Salaam kama mlinzi. Mashetani aliyoyajua kutoka kwenye vinyago akayahamishia kwenye rangi, kwenye ngozi, kwenye karatasi. Kijana anaamini kwamba mtu wa mabango si msanii. Nikamwambia mkono unaoandika "KARIBU" herufi zikasimama sawa bila rula ni mkono uliofunzwa. Aanze na hapo.

3 Julai

Mambo ya karatasi, kwa kifupi. Barua kwa afisa utamaduni imekwenda. Wawili hawajasajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, tumeanza kuwajazia fomu. Bajeti imekaa ukurasa mmoja: usafiri, taa, mbao, chapa ya maelezo, chai. Fedha ni mchango wangu, wa marafiki wawili, na dada ameahidi kuuza mikeka minne.

17 Julai

Leo tumegombana kuhusu tarehe, na ugomvi ulikuwa mzuri. Mimi nilitaka Septemba: ukavu, barabara nzuri, na wageni wa Mikindani bado wapo. Mama mfinyanzi akasema kwa upole, "Mwalimu, hao wageni ni wangapi? Mimi nataka aje mama mkwe wangu."

Mzee akamuunga mkono. Septemba mfukoni mwa mkulima hamna kitu, kila senti imekwenda kwenye kupulizia na palizi. Minada ya korosho inaanza Oktoba, malipo yanafuata. Novemba mtu ana nauli, ana nguo mpya, ana hamu ya kutembea. Desemba mvua inaanza kuharibu.

Nimeshindwa, na nimefurahi kushindwa. Vinyago vimetoka mkoa huu kwa malori tangu sijazaliwa, na watu wa hapa hawajawahi kupewa nafasi ya kusimama mbele ya kinyago kimoja kimewekewa taa. Maonyesho yatakuwa Novemba na maelezo yote yatakuwa kwa Kiswahili.

12 Agosti

Ukumbi tulioahidiwa mjini umekwenda. Nilifika na tepu ya kupimia nikakuta umeshapewa watu wa harusi, na aliyeniahidi hakuona sababu ya kunipigia. Nilikaa kwenye ngazi nikalia kidogo, kisha nikaenda Mikindani kwa dada.

Shangazi yake ana nyumba ya zamani ya matumbawe na chokaa, karibu na maji, vyumba viwili chini, paa zima, haina mpangaji. Ametukubalia mwezi mmoja kwa masharti mawili: tufagie kila siku, na tusipigilie msumari hata mmoja. Hilo la pili amelisema mara tatu. Ana haki. Nilibonyeza ukuta kwa kidole gumba, chokaa ikamiminika kama unga.

Kwa hiyo hakuna kinachotundikwa ukutani. Tumetazama juu: boriti za mikoko, imara, zimepangwa mkono kwa mkono. Kila picha itaning'inia kwa kamba mbili za katani kutoka kwenye boriti, ikae nusu futi mbele ya ukuta. Tumegundua faida tatu hapohapo. Unyevu wa ukuta hautagusa picha, hewa ya chumvi itapita nyuma, na wapagazi wa kijana wataonekana wanayumba kidogo upepo ukiingia dirishani. Sasa siutaki tena ule ukumbi.

30 Agosti, Newala

Nimelala kwa mama mfinyanzi nione uchomaji. Udongo wake anauchanganya na vigae vya vyungu vilivyovunjika, amevitwanga na kuvichekecha. Chungu kipya kina vipande vya chungu cha zamani ndani yake. Aliniambia hivyo kama anavyoniambia bei ya nyanya. Nilisimama. "Mama, hicho chungu cha mboga kikivunjika utakitwanga?" "Kwani mama yangu vyake nilivitupa?"

Hilo ndilo wazo lake la maonyesho na hakuhitaji mtu wa kumsaidia kulipata, alihitaji tu mtu wa kushangaa. Atafinyanga vyungu saba, na katika kila kimoja atatia vigae vya mtu mmoja wa ukoo: vya mama yake, vya shangazi, vya nduguye aliyehamia Masasi.

Vilichomwa jioni, vimefunikwa kwa kuni na nyasi kwenye uwanja, bila tanuri. Upepo wa kilimani ukageuka ghafla. Tulisikia mlio, mmoja, kisha wa pili. Asubuhi vitano vilikuwa vizima, rangi ya kahawia iliyoiva yenye mawingu meusi, na viwili vimepasuka. Binti yake aliinama akaanza kuokota vigae na kuvitia kwenye ndoo. Nikamwomba aache ndoo hiyo ije kwenye maonyesho kama ilivyo. Mama yake amekubali, ila kasema tuifute nje kwanza.

14 Septemba

Mzee amenipigia mwenyewe. Nimekwenda. Gogo limeshakuwa mtu kuanzia kiunoni kwenda juu.

Ni mpulizaji. Tangi mgongoni, mkono umeshika bomba, kichwa kimeinama mbali na wingu ambalo halipo. Weupe wote wa mti umebaki: bega la kulia, upande mmoja wa shingo, ukingo wa tangi, na mstari mwembamba juu ya jicho. Pale weupe unapokutana na weusi hakuna mpaka wa patasi, ni mti wenyewe unageuka rangi polepole, kama vumbi linavyofifia kwenye ngozi yenye jasho. Hajaipiga msasa wa mwisho. Ameacha alama za tupa kwenye shati. Nilipitisha kiganja pale begani. Panakwaruza kidogo, kifuani ni laini kama kioo.

"Nimepata shida na bomba," akasema. "Ujamaa hauna bomba."

Amefanya kazi siku 19 mpaka sasa, zote baada ya shamba. Analifunika gunia lenye unyevunyevu na kuliweka mbali na jua, maana mpingo ukikaushwa haraka hupasuka.

Sikusema mengi. Nilikunywa maji, nikamshukuru.

5 Oktoba

Tumekata maboksi ya sabuni tukatengeneza nyumba ya Mikindani ndogo ya kuweka mezani, na kila kazi tumeikatia karatasi kwa kipimo. Tumehamishahamisha saa tatu. Wazo langu la kumweka mpulizaji katikati ya chumba cha kwanza limekataliwa na dada: mtu akiingia na kukutana na kazi kubwa mlangoni, nyingine zote atazipita. Mkeka ndio utapokea wageni, umetandazwa juu ya jukwaa la chini, nusu ya bibi na nusu yake, na mshono umeachwa wazi. Amemaliza, na rangi zake zinaonekana.

Picha za kijana zitakaa kwa mstari mmoja chumba cha pili, vipande 14 vya hadibodi, kila kimoja mpagazi mmoja au wawili. Katikati ya picha iwe sentimita 145 kutoka sakafuni. Vitabu husema 150, lakini tumepima macho ya watu wetu sita, na watoto wa shule watakuwepo.

18 Oktoba

Maelezo ya ukutani. Nimekataa maneno makubwa, yangu yakiwa ya kwanza. Rasimu yangu ya mkeka ilikuwa na mistari 11 juu ya urithi na vizazi. Dada aliisoma akasema, "Mimi nilikwambia neno moja tu mwezi wa tano." Nikafungua daftari. Karatasi ya mkeka sasa inasema: Rangi zangu zitaonekana. Chini yake jina lake, jina la bibi yake, miyaa, rangi, vipimo. Basi.

Bei zimetuchukua mchana mzima. Tumehesabu siku za kazi, vifaa, nauli, na kisha kile kinachoitwa mkono, yaani ujuzi wa mtu. Mzee alitaka kuandika bei ileile anayopewa na mfanyabiashara. Mama mfinyanzi akamwuliza kibarua wa palizi analipwa kiasi gani kwa siku, akazidisha mara siku zake. Mzee aliitazama ile hesabu akaomba kalamu. Hakuandika bei. Ameandika: haiuzwi.

7 Novemba

Usiku wa kutundika. Umeme ulikatika saa mbili, tukamalizia kwa tochi za simu, na tukagundua kwamba mpulizaji akimulikwa kutoka chini kushoto, bega lake jeupe hutupa mwanga ukutani. Taa yake tumeihamisha. Kamba zote nimezivuta mwenyewe, moja baada ya nyingine. Hakuna msumari.

9 Novemba

Tumefungua saa nne asubuhi. Mama mkwe wa Newala amefika, amevaa kitenge kipya, akaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya vigae na kuchagua kimoja akakitambua. Watoto wa shule wamehesabu wapagazi mara nyingi kuliko nilivyotarajia, na mmoja akauliza mifupa itarudi lini. Kijana hakuwa na jibu, nami sikuwa nalo.

Mchana wakaja wakulima wanne wa kata ya mzee, wametoka mnadani. Walimzunguka mpulizaji wakiwa kimya, kofia mkononi. Nilisimama karibu na dirisha moyo ukinienda mbio. Mkubwa wao akainama, akachungulia mgongoni, akamwita mzee.

"Kazi nzuri. Lakini mashine hii haina kifuniko cha tangi. Salfa itamwagika yote."

Mzee akaenda nyuma, akatazama. Kweli. Wakabishana kifuniko ni cha kuzungusha au cha kubana. Wa tatu akasema inategemea mashine, wa nne akachora kwa kidole hewani. Mzee akaniomba tepu, akapima mdomo wa tangi, akaandika kwenye kiganja.

10 Novemba

Amekuja na basi la kwanza, kabla hatujafungua mlango. Kifuniko cha mpingo, mweusi wote, kipana kama sarafu, kina meno madogo pembeni. Amekiweka. Kimekaa. Ameomba nisiguse taa.